Kisu Nilichokwenda Nacho Mitwaba

Banza alipofariki, katika baridi ya mwaka huu, mke wake alinipigia simu mwenyewe. Hakumtuma mtoto wala jirani. Aliniambia, akiniita kaka kama alivyozoea, "Yaya Ramazani, Banza ametuacha," nami nikasikia nyuma yake malori ya mgodi yakipita mtaa wao wa Ruashi, yale yasiyojua kama nyumbani kwa mtu kuna msiba. Nilipofika kwenye kilio kesho yake, nilikuta vyungu vimekwisha kuinjikwa, maji yanachemka bure, na wanawake wameketi kando ya moto hawana cha kukata. Beberu mweusi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya uzio. Mke wa marehemu, tunayemwita Mama Julie kwa jina la binti yake wa kwanza, alinishika mkono akanipeleka pale. "Banza alisema asichinjwe kama weye haujafika," aliniambia. "Tulikuwa tunakungojea." Watu wote waliokuwa pale walikuwa wa kanisa lake, hakuna hata mmoja ambaye angejali koo la mbuzi yule limekatwa na nani. Mimi peke yangu ndiye niliyehitaji akatwe na mkono wa Mwislamu. Mkono wangu wa kuume siku hizi unatetemeka, kwa hiyo mtoto wa kiume wa Banza alimlaza mnyama, akamshika kichwa, nami nikataja jina la Mungu nikakata. Baadaye Julie aliniletea maji ya kunawa akauliza, "Papa, juu ya nini tulikungojea weye?" Nilimjibu kwa maneno machache, maana kilioni si mahali pa hadithi ndefu. Haya ni yale ambayo sikumwambia.

Mwaka tulipokwenda Mitwaba, mimi na Banza tulikuwa vijana waliokwisha kupita ishirini, wote wawili bila mke na bila kazi ya maana. Tulikaa mtaa wa Kampemba. Lupango yetu, yaani kiwanja chenye nyumba, na ile ya baba mdogo wa Banza zilitenganishwa na ugo wa matete uliokuwa na tundu katikati, na kupitia tundu lile zilipita sahani, makaa ya moto, watoto, kuku na habari zote za mtaa. Baba mdogo huyo aliitwa Papa Ngoie. Alikuwa Muluba wa Mitwaba, mtu mrefu mwenye goti bovu, ambaye alikuwa amemlea Banza tangu utoto, na ambaye kila majira ya kipwa, mvua zikisha kukatika na nyasi kuchomwa, alichukua bunduki yake yenye kibali na kurudi kwao kuwinda. Sisi ni watu wa asili ya Maniema, Waislamu. Wao walikuwa watu wa kanisa. Jambo hilo halikuwahi kututenga katika lolote isipokuwa chungu cha nyama. Mke wake, Mama Ngoie, akipika sombe ya majani ya muhogo au maharage, sahani ilikuja kwetu ikiwa moto. Akipika nyama, sahani haikuja, na hakuna aliyeona vibaya.

Dada yangu Zaina alipochumbiwa, Papa Ngoie alikuja sebuleni kwetu jioni moja akiwa amevaa koti. Namwona hata leo: ameketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa, kofia juu ya lile goti bovu, mbele yake meza yenye kitambaa alichofuma mama yangu kwa mkono na bilauri ya chai ambayo hakuigusa. Mama alikuwa nyuma ya pazia la mlango, anasikiliza. "Zaina nilimubeba mie ku mugongo," alisema Papa Ngoie. "Siku ya ndoa yake, minataka bantu bakule nyama ya pori, nyama yenye nitapiga kwa mukono yangu. Lakini najua, banyewe hamukulake nyama yenye haikuchinjwa. Basi munipatie Ramazani. Mie nitapiga, yee atachinja." Mama alitoka nyuma ya pazia, akapiga goti kidogo kama desturi, akamshukuru. Baada ya mzee kuondoka mama alisema, "Kuna ndugu wa tumbo moja ambao hawangefikiri hivyo." Aliyasema hayo akikunja kitambaa cha meza, na macho yake yalikuwa na maji.

Nilikuwa nimekwisha kuchinja kuku wengi na mbuzi kadhaa, nikisimamiwa na Mwalimu Saidi, aliyetusomesha Kurani. Nilipomwambia habari ya safari, swali lake la kwanza lilikuwa juu ya kisu. Nilikuwa nacho tayari, na nilikuwa na fahari nacho: kisu cha kukunja kilichotoka mpakani Kasumbalesa, kinang'aa, mgongo wake una meno kama msumeno, na mpini wake una dira ndogo. Mwalimu alikifungua, akakitazama, akakifunga, akanirudishia. "Hiki ni cha kutembea nacho," alisema. "Mnyama atakuwa anakata pumzi saa hiyo, na wewe bado unatafuta kwa kucha pa kukifungulia. Na ubapa wake ni mfupi. Shingo ya mnyama wa pori si ya kuku. Utakwenda na kurudi, na kila unaporudi unamtesa." Kisha akaniambia lile ambalo nilidhani ni maneno ya mafunzo tu: kwamba mnyama wa porini hana mchungaji wala mwenye soko, hakuna atakayejua alikufaje, na siku ya karamu watu watakula kwa neno langu. "Kwa hiyo tafuta kisu chako mwenyewe, usiazime. Mtu anayeazima kisu anaazima na udhuru."

Nilizunguka siku kadhaa. Mama alinipa kisu chake cha jikoni, kirefu na kizuri, lakini ncha yake ilikuwa imepinda kwa kufungulia makopo, na kilikuwa kimezoea mkono wake. Mhunzi mmoja Kampemba, aliyefua visu kutokana na vyuma vya spring za magari, alinitandikia kadhaa juu ya gunia akaniacha nichague. Nilitaka kwanza kilichokuwa kizito, chenye ubapa mpana, kwa sababu kilinifanya nijione mtu mzima. Banza, aliyekuwa amenisindikiza, alisema, "Kamata ile utaweza kubeba ukiwa umechoka. Si ile unaweza kubeba sasa." Nikarudisha kile kizito. Nilichochukua kilikuwa chembamba, kirefu kuliko kiganja changu mara mbili, mpini wake wa mti wa mulombwa, hakina pambo lolote. Nilikishika nikafumba macho, na kidole changu kikajua makali yako upande gani. Mhunzi alinishonea ala ya ngozi ya mbuzi, nikajifunza kukinoa juu ya jiwe la maji mpaka kikanyoa nywele za mkono wangu.

Tuliondoka mimi, Banza na Papa Ngoie juu ya lori lililobeba magunia ya chumvi na mabati. Kisu nilikifunga ndani ya kitambaa nikakivaa kiunoni chini ya shati, na kila lori lilipotikisika kilinigonga kwenye mfupa wa nyonga kana kwamba kinaniuliza kama nipo. Kwenye kizuizi kimoja cha barabara askari kijana alinipapasa akakikuta. "Hii kisu ni ya nini?" Nilimwambia ni ya kuchinja. "Unaenda kuchinja nani?" Sauti yake haikuwa ya mzaha. Papa Ngoie alikuwa juu ya magunia, hakushuka. "Chef," alisema kwa upole, akimwita mkubwa, "ule ni muchinjaji yetu. Tunaenda kutafuta nyama ya ndoa. Bunduki ni ya mie, karatasi yake ni hii. Kisu ni ya yee." Askari alichomoa kisu, akapitisha kidole gumba kandokando ya makali, akaniangalia tena usoni kama mtu anayenikadiria upya. Akanirudishia kwa upande wa mpini. Safari yote iliyobaki niliendelea kusikia yale maneno mawili, muchinjaji yetu, na sikuwahi kujisikia mtu wa watu kama siku ile.

Kambi yetu ilikuwa kibanda cha nyasi mbali na Mitwaba mjini, karibu na kijito, katika nchi ambayo Papa Ngoie aliijua kama mtu anavyojua chumba chake gizani. Tulikuwa watatu tu. Asubuhi tulikula viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu. Jioni bukari, ule ugali wetu, na uyoga mkavu aliotufungia Mama Ngoie. Na kisu changu kikawa kichekesho cha kambi, kwa sababu Mwalimu alikuwa ameniambia nisikitumie kwa kazi nyingine. Kila nilipotaka kumenya kiazi au kukata kamba, nilimgeukia Banza. "Angalieni huyu," alisema Papa Ngoie, "iko na kisu ku kiuno, na anaomba kisu." Kisu chake yeye kilikuwa kimeliwa na jiwe la kunolea mpaka kikabaki kama jani la mahindi, nacho kilifanya kila kitu: kilichuna, kilimenya, kilikata tumbaku, kilitoa miiba mguuni. Alicheka akinitazama, lakini nilipokosa kuwapo kambini, Banza aliniambia baadaye, mzee alihamisha ala yangu kutoka chini ikawekwa juu kwenye uma wa mti, ili chungu na miguu isiifikie.

Mnyama wa kwanza alikuwa funo, swala mdogo wa kichakani, aliyepigwa miguuni. Nilipomfikia alikuwa amelala anatazama. Sikuwa nimefikiri juu ya macho. Mbuzi wa mjini anakutazama kama anayekujua. Yule alinitazama kama kitu ambacho hakikupaswa kuwapo duniani. Banza alimshika, nikamwelekeza kibla, nikataja jina la Mungu, na kisu kikapita kama kinapita majini. Damu iliruka ikanipiga kifuani. Papa Ngoie aliyekuja nyuma akichechemea alitazama shingo, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Mukono yako iko mwepesi," alisema. "Haikuteseka." Tulipata funo wengine na pongo mmoja katika siku zilizofuata, na wote niliwakuta wazima. Nyama tuliikausha juu ya uchanja, moshi ukatuingia nguoni na kwenye nywele mpaka tukawa tunanuka kitu kimoja wote watatu. Lakini mzee hakuridhika. Funo ni nyama ya kitoweo, alisema. Ndoa inataka mnyama ambaye wageni watauliza jina lake.

Korongo, si yule ndege bali yule swala mkubwa, tulimpata alasiri moja, kwenye mbuga iliyochomwa ambako majani mapya yalikuwa yameanza kuchipua. Alikuwa dume mkubwa kama farasi, uso wake mweusi na mweupe, pembe zimepinda nyuma. Papa Ngoie alipiga mara moja. Mnyama aliruka, akakimbia, akaingia kichakani upande wa kijito, na damu yake ilikuwa juu ya nyasi, nyingi. "Kimbieni," alisema mzee, "goti yangu haitaweza." Tulikimbia. Banza alikuwa mbele akifuata damu, mimi nyuma yake nikiwa nimeshika ala kwa mkono isinipige. Tulivuka kijito, tukapanda, tukampoteza, tukamwona tena. Sijui tulikimbia kwa muda gani. Najua kwamba nilipofika mahali alipoanguka, kifua changu kilikuwa kinawaka na masikio yangu hayakusikia kitu ila moyo wangu mwenyewe. Alikuwa amelala ubavu, miguu imeelekea kwenye mteremko. Nilipiga magoti upande wa kichwa. Shingo ilikuwa ya moto. Nilimgusa kope kwa kidole, kama nilivyofundishwa, na sikuona kope ikicheza. Lakini kidole changu kilikuwa kinatetemeka chenyewe, na jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nikataja jina la Mungu, nikakata. Damu ilitoka. Ilitoka nyingi, lakini haikuruka. Ilimwagika kama maji ya mtungi ulioinamishwa. Banza alikuwa nyuma, upande wa miguu, na mwili mkubwa ule ulikuwa kati yetu kama ukuta.

Papa Ngoie alipofika, alivua kofia. Alizunguka mnyama, akamshika pembe, akacheka kwa sauti ya chini, sauti ya mtu ambaye kitu alichokiomba kimempata. "Hii," alisema, "hii ndiyo nyama ya Zaina." Ilinibidi niseme hapo hapo, kabla furaha haijakua zaidi. Nilimwambia, "Papa, sijui kama nilimkuta mzima." Hakunielewa mwanzoni. Nikarudia. "Iko moto," alisema akiweka kiganja juu ya ubavu. "Damu imetoka. Unataka nini tena? Nyama ya kufa haitoke damu vile." Nikamwambia ilitoka, lakini sijui. "Hujue," alisema. "Haukusema ilikuwa imekufa. Unasema tu hujue." Nilikubali kwamba ndivyo. Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira bado, zaidi kama mtu anayetazama mtoto aliyeanza homa. "Bon, basi," akasema mwishoni. "Tutaibeba. Mwalimu yenu ku Kampemba atakata maneno." Banza alikuwa ameanza kunoa kisu chake cha kuchunia. Hakuinua kichwa. Jioni ile hatukucheka kambini, na siku za kukausha nyama zilikuwa ndefu. Nyama ya korongo niliifunga katika magunia yake peke yake, kwa kamba za magome. Papa Ngoie aliniona nikifanya hivyo na hakunizuia.

Nimeishi na dakika ile mpaka nimezeeka, nimeigeuza kila upande, na sina zaidi ya nilichokuwa nacho siku ile. Kuna watu wenye elimu ya dini walioniambia baadaye kwamba nilijibana bure, kwamba joto na damu vingetosha, na wengine walioniambia nilifanya sawa. Nawaheshimu wote. Lakini wao walikuwa wanajibu swali la mnyama, na mimi sikuwa na swali la mnyama tena. Watu wa Zaina wangeinua tonge wakiamini kwamba Ramazani anajua, na Ramazani hakujua.

Siku tuliporudi Kampemba, lupango yetu ilikuwa imejaa. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wameleta mbabula za kupikia kwa makaa na masufuria, watoto wanakuna nazi zilizotoka mbali, Zaina amefichwa chumbani na mikono yake ina hina. Papa Ngoie hakupitia kwake kwanza. Alishuka na vumbi lake akasimama katikati ya uwanja, magunia mbele yake, na wanawake wakapiga vigelegele. Wakwe walikuwapo, wamekaa kwenye mkeka. Mwalimu Saidi aliinuka akampa mkono, akamshukuru mbele ya wote kwa maneno mazuri, kisha akanigeukia mimi na kuuliza, kama mtu anayetimiza desturi tu, "Ramazani, hizi zote zimepita mkononi mwako zikiwa hai?"

Nilionyesha magunia ya funo na pongo, nikasema, "Hizi, ndiyo." Nikaweka mkono juu ya magunia ya korongo. "Hizi, sijui."

Papa Ngoie alisema, bila kupaza sauti, "Mwalimu, mie ndiye nilipiga ile nyama. Nimewinda tangu huyu hajazaliwa. Ilikuwa ya moto, damu ilitoka. Na huyu hasemi ilikufa, anasema hajue. Bantu babili balikuwa pale. Muulize na mwingine." Akamgeukia Banza. "Banza, weye ulikuwa karibu. Sema mbele ya bantu kitu uliona."

Banza alikuwa bado ana gunia begani. Alilitua kwanza. Ninaweza kusema kwamba sikujua atasema nini, kwa maana tangu siku ile hatukuwa tumezungumza juu ya jambo hilo, na mimi sikutaka kumwuliza. "Papa," alisema, "mie nilikuwa upande ya miguu. Wakati Ramazani alikata, niliona muguu moja ya nyuma ilitikisika. Hata leo minaweza kuapa." Nikaona mabega ya mzee yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Lakini Banza alikuwa hajamaliza. "Lakini kisu haikuwa ya mie. Mwenye kushika kisu alikuwa ku kichwa, na anasema hajue. Kama yee hajue, basi hatujue. Mie siwezi kujua pa nafasi yake."

Niliona kwamba Mwalimu Saidi naye jambo lile lilimwuma. Alimshika Papa Ngoie mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ndugu yangu," alisema, "zawadi yako imefika, na Mungu ameiona. Lakini penye shaka, sisi tunaacha." Papa Ngoie hakubishana. Aliutoa mkono wake taratibu, akainama, akanyanyua gunia moja la korongo, akaliweka begani, akaenda nalo nyumbani kwake kwa kupitia barabarani, akichechemea, mbele ya wageni wote. Akarudi kuchukua la pili. Banza alitaka kumsaidia. Mzee akamwondoa mkono. Kesho yake nyama ile aliwagawia watu wa kanisa lake, na wakaila, na nilisikia ilikuwa nzuri. Ndoani hakuja. Mama Ngoie alikuja, akaketi pamoja na mama yangu, akaondoka mapema.

Mama yangu hakunisifu. Wageni walipotawanyika aliniambia, huku akisugua sufuria kwa majivu, "Sikuambii kwamba ilifaa useme uongo. Lakini ujue umevunja nini." Na mimi nilijua, kwa sababu asubuhi ya siku ile ya ndoa nilikuwa nimesikia nyundo ikipigilia vigingi, nikatoka, nikamkuta Papa Ngoie akiziba lile tundu la ugo kwa matete mapya, anafunga fundo moja moja bila kunitazama. Jioni yake Banza alikuja kwa njia ya barabara na godoro lake kichwani. Baba yake mdogo alikuwa amemwambia, "Nenda ukae kwa mwenye kisu." Hakuongeza neno lingine, na Banza hakumwomba msamaha, kwa maana hakuona alichokosa, lakini hakumlaumu pia. Nilimwambia angeweza kuishia kwenye ule mguu uliotikisika, na kila mtu angekula kwa amani, hata mimi labda. Akanijibu, "Ningeishia pale, ungekula?" Nikafikiri. Nikasema hapana. "Basi," alisema, na akatandika godoro.

Alikaa nasi miezi yote ya mwisho ya mwaka ule. Alipata kazi ya kuziba matairi kando ya barabara, akarudi jioni akinuka mpira, akala pamoja nasi kila kitu. Alfajiri nilipoamka kusali nilimkuta macho wazi, amelala upande wa ugo, anasikiliza. Papa Ngoie alikuwa ameanza kukohoa. Mvua zilipoanza, kikohozi kile kikawa kibaya. Tulikisikia kupitia matete kama mtu anayepasua kuni mbichi. Banza alihesabiwa mtoto wa nyumba ile, na mtoto aliyefukuzwa harudi bila kuitwa. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni, kwa hiyo nikaenda. Ijumaa baada ya sala nilipita barabarani, nikapiga hodi, Mama Ngoie akaniwekea kiti. Mzee alikuwa kitandani karibu na dirisha, blanketi mpaka kifuani. Nilimsalimu. Aligeuza uso ukutani. Nikakaa muda wa kutosha heshima, nikaaga, nikaondoka. Ijumaa iliyofuata nikarudi. Nyumbani Banza aliuliza kila mara jambo moja: "Alikula?" Nami nilimweleza nilichoona kwenye sahani.

Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Nilijua ufa wa ukuta aliokuwa anautazama kuliko nilivyojua sura yake. Nilianza kuzungumza mwenyewe, habari za mtaa, za mvua, za Zaina ambaye alikuwa amepata mimba, bila kungojea jibu. Nilipotaja mimba ya Zaina, kisogo chake kilisogea kidogo, kisha kikatulia. Wakati huo Banza alikuwa ameanza kunisindikiza, lakini mpaka barabarani tu. Alisimama nje akajifanya anatengeneza baiskeli ya mtu.

Ijumaa moja, mwaka ukielekea kwisha, nilimkuta Papa Ngoie ameketi mezani. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia, lakini amenyoa ndevu. Mezani kulikuwa na bukari iliyofunikwa kwa sahani, na bakuli lenye mvuke. Nilisalimu nikasimama mlangoni, nikijua kwamba mtu haingii katika chakula cha asiyemsemesha. Alinitazama, mara ya kwanza tangu siku ya magunia.

"Kaa," alisema. "Bukari inapoa."

Nikakaa. Mama Ngoie akaleta maji ya kunawa, akasimama na beseni karibu na mumewe, wala hakuna aliyeanza. Mzee alikuwa anasikiliza kitu nje.

"Ule mwenzako iko wapi?"

"Iko ku barabara, Papa."

"Anafanya nini kule?"

"Anangojea."

"Anangojea nini?"

Mama Ngoie aliweka beseni chini akatoka. Tuliwasikia wakizungumza kwa sauti ndogo, kisha Banza akaingia akiwa amevua viatu, mikono yake myeusi kwa matairi. Alisimama. Mzee alimwonyesha kwa kidevu beseni, naye akanawa, akanawa tena, maji yakabadilika rangi, mpaka Mama Ngoie akamnyang'anya sabuni. Banza akaketi upande wangu wa pili. Papa Ngoie alifunua bakuli. Walikuwa samaki wa Kasenga, si wa kukaushwa, waliopikwa na nyanya. Alichukua mkubwa kuliko wote, akamkata katikati kwa vidole, akaweka nusu yenye kichwa mbele ya Banza na nusu nyingine mbele yangu.

"Samaki," alisema, akitazama bakuli na si sisi. "Hii hakuna muntu atauliza kama ilikuwa na uzima."

Hakucheka. Banza ndiye aliyecheka kwanza, akainamisha uso ili asionekane, na mabega yake yakaendelea kutikisika hata baada ya kicheko kwisha. Papa Ngoie aliweka mkono juu ya mgongo wa Banza, akauacha pale, na kwa mkono ule mwingine akakata tonge.

"Kuleni," alisema.